Mtu wa Chini ya Msumeno

Walisema sitamaliza msimu mmoja wa maharage. Walisema mtu aliyeondoka Meru akiwa na umri wa kuchunga ndama, kisha akarudi na masharubu na sanduku la bati, hana anachokijua isipokuwa njia ya kurudi alikotoka. Walisema sitapata hata mtu mmoja wa kushuka shimoni kuvuta msumeno wangu, na kanisa la misheni litaendelea kuvuja mpaka Bwana arudi. Aliyesema zaidi ya wote alikuwa Mzee Lekishon, ambaye migomba yake ilipakana na uwanja wa misheni. Alinitazama toka viatu mpaka kofia akasema mbele za watu, "Ero, wewe huna rika. Utazeeka na hakuna atakayejua umri wako."

"Ero" ndivyo Waarusha wanavyomwita mvulana. Mimi nilikuwa mtu mzima mwenye vyeti viwili.

Ninawaandikia ninyi vijana wa karakana, mwezi mmoja tangu nilipokabidhi funguo. Mliniomba nieleze nilivyopanda cheo. Sitaeleza. Cheo kilikuja kwa sababu nilikistahili, na mshahara si habari ya kumsimulia mtu. Nitawaeleza miaka ya Wajerumani, wakati hapakuwa na karakana wala mashine, palikuwa na msumeno mmoja, shimo moja, na hofu ambayo sijawahi kuiandika mpaka leo.

Mwaka wa njaa, mama yangu alinikabidhi kwa watu wa msafara ili nile. Sikumwona tena. Nilikulia pwani kwa wamisionari, nikasoma, nikabatizwa, nikafundishwa useremala na upasuaji wa mbao, nikawa wa kwanza darasani. Cheti cha useremala kilikuwa na muhuri mwekundu. Cheti cha ubatizo hakikuwa na muhuri, lakini karatasi yake ilikuwa nzito zaidi. Vyote viwili nilivisoma kwa namna moja: jina langu kwanza, mengine baadaye.

Misheni ya huku Meru ilipotafuta fundi, nilijitolea kabla ya kuulizwa. Nilitembea toka Moshi nikiwa na msumeno mrefu kuliko mimi, umefungwa kwa maganda ya migomba, mabega yamevimba. Nilipovuka Usa River niliuona mlima umejifunika mawingu, nikasema moyoni, nimefika kwetu. Jioni ile niligundua kwamba Kimaasai, lugha ya sisi Waarusha, nilichokuwa nacho ni cha mtoto wa miaka saba. Nilifungua kinywa kuwasalimu wazee, wakacheka mpaka wakashikana. Mwanamume mwenye masharubu alikuwa anaongea kama mtoto anayeomba maziwa.

Na habari ya rika haikuwa kichekesho. Wakati ule mwanamume alikula nyama na wenzake aliotahiriwa nao. Alikaa nao, alitetewa nao, akifiwa walinyoa vichwa pamoja naye. Mimi nilitahiriwa pwani peke yangu. Kwa hiyo sikuwa mvulana na sikuwa mwanamume, na kwenye nyama hapakuwa na mahali pa mtu wa namna hiyo. Kulikuwa na jambo baya zaidi. Boma, yaani serikali ya Wajerumani, lilipotaka wapagazi, askari walishuka barabarani na wakubwa wa mitaa walitakiwa kutoa watu. Mnadhani walimtoa nani kwanza? Walimtoa asiye na watu wa kumlilia. Kila nilipoona kofia nyekundu kwenye kona, nilikimbilia migombani na cheti changu mfukoni, nikijua cheti hakipigi kelele mtu anapofungwa kamba.

Sasa kazi yenyewe. Gogo la mwerezi linawekwa juu ya shimo, limelala kwenye boriti mbili. Unachovya kamba kwenye masizi, unaivuta toka ncha mpaka ncha, unaiachia, inapiga mstari mweusi. Mtu mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine anasimama shimoni. Wa juu anaongoza meno yafuate mstari na kuinua msumeno. Wa chini anavuta, na mbao inakatwa wakati wa kuvuta. Unga wa mbao wote unamwangukia wa chini, machoni, puani, shingoni. Wa juu anaona mlima na wapita njia. Mimi nilikuwa wa juu kwa sababu ya cheti.

Wa chini hakupatikana. Siku zile Waarusha hawakuzika watu wao ila mzee mkubwa sana. Maiti alipelekwa porini. Kuingia ndani ya ardhi ukiwa hai lilikuwa jambo la kumtisha mtu mwenye akili zake. Nilipata vijana wawili toka upande wa Lemara. Waliangalia shimo, wakaangaliana, wakasema wanakwenda kunywa maji. Nadhani bado wanakunywa.

Siku ya tano alikuja Mzee Loishiye. Alikuwa mmoja wa Wakristo sita tuliokuwa nao, mtu mwembamba aliyepoteza ng'ombe wake wote kwa maradhi, kisha wanawe kwa njaa. Alisimama ukingoni akachungulia.

"Ndilo hili wanalolikimbia?"

"Ndilo, mzee."

"Lina nini ndani?"

"Halina kitu."

"Basi ni kama zizi langu," akasema, akavua shuka, akaikunja vizuri, akashuka.

Msidhani hakuogopa. Nilimsikia akitetemeka kwenye mpini, maana msumeno huleta habari za mtu wa upande wa pili kama vile umemshika mkono. Alipoogopa aliimba wimbo wa kanisani, na alipoogopa sana aliimba ubeti mmoja huohuo. Nilijifunza kusikiliza. Akirudia ubeti, nilipunguza mwendo.

Alinifundisha mambo ambayo shule haikunifundisha: kupaka mafuta ya mkia wa kondoo kwenye msumeno kabla haujalalamika, kupiga kabari kwenye ufa mapema, kunoa meno kwa tupa asubuhi, macho yakiwa bado hayajachoka. Na alinifundisha jambo moja nililokataa kulisikia. Baada ya mvua ndogo ya kwanza alipapasa ukuta wa shimo, akasema, "Fundi, udongo huu ni majivu ya mlima. Ukikauka unasimama kama mtu mzima. Ukinywa maji unakaa chini. Tuweke nguzo."

Pwani tulichimba kwenye ardhi ngumu ya mawe, kuta wima, bila nguzo. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na hivyo ndivyo nilivyotahiniwa. Nikamjibu, "Mzee, mimi nina cheti cha kuchimba shimo hili."

"Sawa," akasema. "Kionyeshe udongo."

Kuna jambo jingine ambalo yeye alilijua na mimi nililificha. Tangu nianze kazi ile, sikuwa nimeshuka shimoni hata mara moja baada ya kuchimba. Pwani nilikaa juu siku zote kwa kuwa nilikuwa wa kwanza darasani. Nilipotazama chini, kifua kilibana. Siku moja askari walikuja ghafla, Loishiye akaninong'oneza nishuke nijifiche miguuni pake, hakuna askari atakayechungulia. Nilichagua kukimbia uwanja mzima mbele ya macho yao. Aliniuliza baadaye, "Kwa hiyo wewe unaogopa boma kidogo kuliko unavyoogopa shimo lako?" Nikamwambia asizungumze wakati wa kazi.

Mvua ilinyesha usiku kucha, asubuhi jua likatoka zuri. Nikasema tuendelee, mbao za kenchi za paa la kanisa zilikuwa zimebaki chache na masika yalikaribia. Loishiye aliangalia kuta, akaniangalia, akashuka. Tulipasua kama urefu wa mikono miwili. Akaanza ubeti. Akaurudia. Nilisikia, vijana wangu. Nilisikia, na sikupunguza mwendo, kwa sababu Mzee Lekishon alikuwa amesimama mpakani akitutazama na nilitaka aone.

Ukuta haukupiga kelele. Ulikaa chini, kama alivyosema. Boriti moja ilizama, gogo likainama na kujikita kwa ncha moja kwenye ukuta wa pili, mimi nikaangukia nyasini. Wimbo ulikatika.

"Loishiye!"

Kisha sauti, ya karibu sana na ya mbali sana: "Nipo. Usipige kelele. Udongo unasikia."

Nilitambaa ukingoni. Alikuwa amefukiwa mpaka kifuani, mikono juu, na gogo limening'inia sentimita chache juu ya kichwa chake. Punje za udongo zilikuwa zinateremka polepole pande zote.

"Miguu yako?"

"Mmoja najua ulipo. Shuka."

"Ngoja nikatafute kamba."

"Kamba unayo mkononi. Shuka."

Ni kweli, nilikuwa nayo mkononi, ile ya masizi, niliyoiokota nyasini bila kujua. Nikamwambia neno ambalo sikuwahi kumwambia mtu yeyote tangu siku niliyokabidhiwa kwa msafara. "Mzee, ninaogopa."

"Hata mimi," akasema. "Shuka tuogope pamoja, huku nimechoka kuogopa peke yangu."

Sijui nilishukaje. Nakumbuka ubaridi, na harufu kama ya jivu la jikoni lililomwagiwa maji. Nilichimba kwa mikono. Kila nilipotoa konzi moja, nusu ilirudi. Gogo liliguna juu yetu. Nilianza kusali kwa Kiswahili, maneno yakaniishia, nikamalizia kwa kile Kimaasai changu cha mtoto, na Loishiye akawa ananisahihisha.

Juu nilisikia sauti ya mwanamke. Alikuwa Naini, mke wa Lekishon, ambaye siku hizo alikuwa akihudhuria mafundisho ya ubatizo bila mumewe kupenda. Alikuwa amekuja na mti mrefu wa kutegemezea migomba, anauchomeka chini ya gogo.

"Toka hapo, mwanamke!" Lekishon alipiga kelele toka mpakani. "Ardhi iko wazi hapo!"

"Njoo unitoe!"

"Nimesema toka!"

"Na mimi nimesema njoo!"

Akaja. Alikuja kwa hasira, amfikie amvute mkono. Alipomfikia, Naini alimwekea ncha ya mti mikononi, akasema, "Shika hapa, ukiachia unaua watu wawili," akaenda kuleta mti mwingine. Niliona uso wa Lekishon toka chini, umekuwa kama wa mgonjwa. Hakuachia. Wakristo wenzetu wakaja na majembe, wakamwaga udongo upande wa pili, na jua lilipokuwa kichwani tulimtoa Loishiye, mguu wa kushoto umevunjika mahali pawili.

Sikulala vizuri tangu siku ile mpaka Jumapili. Niliogopa kuliko nilivyoogopa shimoni. Kanisani kwetu palikuwa na desturi kwamba aliyemdhuru mwenzake husimama mbele kabla ya Meza ya Bwana na kusema alichofanya, na wenzake ndio wanaomjibu. Ningeweza kusema ni mvua. Kila mtu alikuwa tayari kusema ni mvua. Kama wangenikataa, nisingebaki hata na wale Wakristo sita, na askari walikuwa wameonekana tena upande wa Engutoto. Nilifunga sanduku langu la bati Jumamosi, tayari kwa safari.

Nikasimama. Nilisema, "Aliniambia tuweke nguzo. Nilijivunia cheti. Aliimba ubeti mara mbili, nikaendelea. Na sababu ya mimi kukaa juu siku zote ni kwamba ninaogopa shimo." Nilisema hayo kwa Kimaasai changu, na safari hii hakuna aliyecheka.

Loishiye alikuwa amelazwa kwenye ngozi karibu na mlango. Akainua kiwiko. "Mnasubiri nini? Mwulizeni kama anabaki."

Mzee wa kanisa akaniuliza, "Unabaki?"

"Nikiruhusiwa."

"Hujaulizwa hivyo," Loishiye akasema. "Rika langu liliisha kwa njaa. Nimeishi miaka sina wa kula naye. Huyu nimekaa naye ardhini. Nitafute wapi mwingine?" Kisha akajilaza. "Na mguu unauma. Fanyeni haraka."

Nilikisoma upya cheti changu cha ubatizo siku ile, bila kukitoa sandukuni: safari hii wenzangu kwanza, jina langu baadaye.

Lakini kenchi zilikuwa hazijaisha na masika yalikuwa mlangoni. Nilichimba shimo la pili kwenye mteremko, na hapa ndipo nataka mshike kalamu. Shimo katika udongo wetu liwe na mlango: chimba toka ubavuni mwa kilima, upande mmoja uwe wazi, mtu wa chini aweze kutoka mbio. Weka nguzo kila hatua moja, na mbao nyuma ya nguzo. Mvua ikinyesha, pumzika siku mbili, hata kama askofu anasubiri. Na fundi mkuu ndiye anayeshuka kwanza. Sheria hiyo niliitunga mimi na nimeisimamia mpaka nilipostaafu, na ndiyo maana mnanung'unika juu yangu mkiwa hai.

Nikashuka. Kila asubuhi kifua kilibana, sitawadanganya, na mpaka leo kinabana. Juu nilihitaji watu wa kuongoza msumeno na kubeba mbao, nami sikuwa na cha kuwapa. Ndipo nikaazima siku. Mnajua desturi: mtu anakupa siku yake ya jembe, nawe unamrudishia siku yako. Wakristo walinikopesha siku zao. Jirani mmoja ambaye si wetu alitoa siku mbili, kwa sababu alitaka kuona mtu anayeingia ardhini na kutoka. Wa mwisho alikuja Lekishon mwenyewe, na wanawe wawili nyuma yake.

"Siku nne," akasema. "Sikupi. Nakuazima."

"Kwa nini, mzee?"

"Nilishika mti ule. Mikono yangu haijatulia tangu siku ile. Nataka kazi hii iishe." Aliangalia shimo, akaangalia pembeni. "Na huyu mama yao hanipikii vizuri."

Kanisa liliezekwa masika yakiwa yameanza kudondoka. Kenchi zile bado zinasimama. Nendeni mkapime, hakuna iliyopinda hata upana wa ukucha. Boma lilipokuja kutaka wapagazi mwezi uliofuata, mkubwa wa mtaa alinitazama. Loishiye akapiga fimbo yake chini mbele ya nyumba yangu, wanawake wa kanisani wakakaa kizingitini, na askari akaambiwa, "Huyu ana watu." Akapita. Nilikuwa ndani, nikiwahesabu kwa sauti zao.

Kisha nikaanza kurudisha siku. Nililima mahindi, nilizibua mifereji, nilipasua milango, nilijenga mazizi. Ilichukua zaidi ya mwaka, kwa maana misheni nayo ilinitaka. Kwa Lekishon nilirudisha siku tatu. Ya nne aliikataa kila nilipokwenda. "Bado," alisema. "Sina kazi." Nami nilimwona amezungukwa na kazi.

Mwanzoni mwa baridi, Naini alishikwa na kifua. Alikuwa amebatizwa tayari. Wiki ya tatu alifariki, na kabla ya kufariki alimwambia mumewe kwamba hataki porini, anataka kulazwa ardhini pamoja na wenzake, siku ya kufufuka wamkute. Ndugu za Lekishon walimwambia kwamba akifungua ardhi nyumbani kwake, itakula ng'ombe wake, kisha yeye. Walihamisha mifugo yao mchana uleule.

Alikuja kwangu asubuhi. Midomo yake ilikuwa mikavu. "Ile siku yangu," akasema. "Nimepata kazi yake."

Nilichimba kwenye migomba yake, mimi na wanawe, na nguzo nikaweka, ingawa kaburi halihitaji nguzo, sikuweza kujizuia. Mchungaji alisoma. Ikafika wakati wa kumshusha, wanatakiwa wawili wa kumpokea chini. Mimi nilishuka. Wanawe walishika kamba. Loishiye alijikongoja mpaka ukingoni, lakini mguu ule ulikuwa hauwezi. Watu waliobaki walikuwa wamesimama mbali, nyuma ya ua.

"Nani mwingine?" mchungaji akauliza.

Lekishon alivua viatu vyake vya ngozi ya ng'ombe. Alikaa ukingoni, miguu ikining'inia, na nilimsikia akipumua kama mtu aliyepanda kilima. Nikamshika vifundo vya miguu, nikamwekea kimoja kwenye nguzo, kisha kingine. Akafika. Alinishika bega kwa nguvu mpaka kucha zikaingia.

"Pana baridi," akasema.

"Ndiyo."

Akampokea mkewe miguuni, mimi kichwani, tukamlaza.

Baada ya kufukia, watu wakaondoka. Tulibaki tunakusanya majembe. Lekishon aliketi kwenye lundo la maganda ya migomba, udongo mpaka kwenye nyusi.

"Unadaiwa na nani tena?" akaniuliza.

Nikafikiri, jina kwa jina. "Hakuna. Wewe ulikuwa wa mwisho."

"Umewalipa wote?"

"Wote."

Mimi nilihisi kitu kibaya kinanijia, maana tangu nilipofika Meru, kila mlango niliobisha nilibisha nikiwa na deni la kulipa au la kuomba, na sasa sikuwa na sababu ya kwenda kwa mtu yeyote.

"Kesho asubuhi nakula uji na wanangu," akasema. "Tumenyoa vichwa, hatutoki. Njoo."

"Kuna kazi gani?"

Alinitazama kama mtu anayemtazama mjinga.

"Nimesema uji," akasema.